Usipige Magoti Bakulini

Meneja mpya aliponiambia niandike kitu kwa ajili yenu mnaobaki, nilimwambia amekosea mtu. Shule niliiachia darasa la saba, na makasi ya kupogolea nimeyashika miaka mingi kuliko kalamu. Akasema, andika tu mzee, wataelewa. Basi mkiona nimekosea mahali, mjue sikuficha, ni kutojua.

Na tusidanganyane, mnajua kwa nini ameniomba. Kuna maneno kwamba mizabibu ya pale Bakuli irudishwe chini karibu na udongo kama zamani, kwa sababu mvinyo wa Bakuli wa zamani ulikuwa na kitu ambacho huu wa sasa hauna. Hilo ni kweli, nitalisema wazi hata kama halinisaidii. Lakini mizabibu ikishuka, ni nyinyi mtakaopiga magoti. Nataka mjue mnapigia magoti kitu gani kabla hamjasema ndiyo.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, nikazaliwa na kukulia kwenye nyumba za reli pale Nakuru. Udongo niliujua kwa mahindi na sukuma wiki tu. Nilikuwa nimekata maua ya waridi kidogo huko Naivasha, nikikaa mtaa wa Kihoto kabla ziwa halijaingia kwa nyumba za watu, jirani akanijulisha kwamba kuna wazungu na watu wengine wamepanda zabibu kilimani na wanataka mikono inayojua makasi. Nilifikiri zabibu ni zile kavu za kuweka kwa keki. Niliogopa kuuliza.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Nekesa. Alikuwa mkubwa wa wapogoaji, mama mfupi, kitambaa kichwani, sauti ya chini mpaka inabidi umsogelee. Aliniuliza jina. Nikasema Wanjala. Akacheka kidogo. Kwetu Nekesa ni mtoto wa wakati wa mavuno na Wanjala ni wa wakati wa njaa.

"Basi wewe utakuwa nyuma yangu," akasema. "Njaa hufuata mavuno."

Hakunipa makasi siku hiyo. Alinipandisha mpaka juu kabisa ya kilima, akachimba shimo kwa jembe, akaniambia nitie mkono mpaka kwenye kiwiko nikae nao hapo. Juu kule udongo ni mwembamba, chini yake ni yale mawe meusi yanayong'aa kama chupa iliyovunjika. Mkono ulishikwa na baridi na nikatoka na mkwaruzo. Tukashuka katikati, akachimba tena. Huko ni mawe mepesi ya kusugulia visigino, yale ukitupa kwa maji yanaelea. Yananyonya mvua kama sponji na kuinywesha mizabibu polepole. Mkono ulitoka na unyevu.

Halafu tukashuka Bakuli.

Nyinyi mnaijua Bakuli, lakini naandika pia kwa atakayekuja kesho. Ni pale chini kilima kinapojikunja kama bakuli la uji, upepo wa ziwa ukipita juu bila kuingia. Udongo ni jivu jeusi laini. Niliingiza mkono na nikautoa haraka bila kutaka. Ulikuwa na joto. Si joto la jua, maana asubuhi hiyo kulikuwa na umande. Ni joto kama la mahali mtu alipokuwa amelala akaamka sasa hivi.

Nekesa alinirudishia mkono shimoni kwa upole, kama mtu anayemshika mtoto anywe dawa.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake kwa kila mgeni, na naomba msiuache. Mtu akitia mkono kwenye mashimo matatu hahitaji kuhubiriwa kwa nini kilima kimoja kinatoa mvinyo wa aina tatu. Zabibu za juu ni ndogo, ganda nene, kwa sababu mizizi inateseka na upepo hauna huruma. Mvinyo wake ni mkali, unakukaza shavu. Za katikati zinashiba maji, zinanenepa. Mvinyo wake ni laini, unapendeza na unasahaulika. Za Bakuli zilikuwa zinaiva zote pamoja, hata zile za ndani ya kichala, kwa sababu usiku baridi ya milima ya Mau iliposhuka ardhi iliendelea kuzipasha kutoka chini. Mvinyo wake ulinuka kama vumbi linapopigwa na tone la kwanza la mvua, na ukishameza unabaki na moshi kidogo nyuma ya ulimi. Mimi ni mtu wa chai, lakini huo niliuelewa.

Ili joto hilo lizifikie, Nekesa aliilea mizabibu ya Bakuli ikiwa mifupi. Kwingine kote waya wa kutambazia mizabibu uko kifuani. Bakuli waya ulikuwa chini ya goti. Kuvuna ilikuwa kupiga magoti, na kupogoa vilevile, laini nzima ya mizabibu, uso ukiwa karibu na udongo. Mgongo uliuma lakini hakuna aliyelalamika sana. Huko chini mtu alikuwa anapata usingizi mtamu kidogo, kichwa chepesi. Tulisema ni joto.

Kuna mambo mengine mawili niliyofundishwa.

La kwanza, mzabibu wa kwetu haulali. Nasikia huko kwenye baridi majani huanguka yenyewe na mti unapumzika. Hapa jua ni lile lile mwaka mzima, kwa hivyo ukiuacha utachipua na kuzaa huku unanyauka, mpaka ufe ukiwa macho. Ni lazima sisi tuulaze: tunaunyima maji, tunauvua majani kwa mikono, jani kwa jani. Nekesa alikuwa akifanya kazi hiyo bila kuongea. Nilipomuuliza kwa nini, akasema mtu hapigi kelele pahali anapobembeleza.

La pili ni la Bakuli peke yake. Kila mahali kilimani tunakata kwa mshazari unaotazama bonde, ili maji ya kidonda yateremke. Bakuli tulikata mshazari unaotazama mlima, yaani upande wa juu. Nikauliza sababu. Akasema, "Huko ndivyo inavyokatwa." Nikafikiri ni mambo ya utaalamu, nikakata hivyo.

Mwisho wa laini za Bakuli kuna ule uwazi usioota kitu. Tulipanda mizabibu hapo mara nyingi, ikakauka. Hata nyasi zinakataa. Mara kwa mara tulikuta ndege amekufa hapo, mwili mzima, bila jeraha, mabawa yamekunjwa vizuri. Mbwa wa askari wa getini alikuwa anafika ukingoni anasimama. Nekesa alikuwa anamwokota ndege, anampeleka juu kwenye upepo na kumzika. Hakuna aliyefanya mkutano kuhusu jambo hilo. Shamba lina mambo mengi.

Sasa nifike kwa ile siku.

Ilikuwa mavuno. Kwa kawaida tunavuna asubuhi, zabibu zikiwa baridi, lakini alasiri hiyo wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya ziwa na hewa imekuwa nzito mpaka shati linakung'ang'ania. Mvua ikinyesha juu ya zabibu zilizoiva zinapasuka na kuoza. Kila mtu wa zabibu anajua la kufanya wingu kama hilo likija: unakimbia na kreti kwenye zabibu zilizo bora. Zilizo bora zilikuwa Bakuli. Tulishuka wote tukikimbia, tukitaniana. Nekesa alitangulia, mimi laini ya pembeni yake.

Tulikuwa tumekata kama nusu ya laini Nekesa alipoacha mkono hewani. Akaniuliza bila kugeuka, "Nani ameenda mbele yangu?"

Nikamwambia hakuna, Mama, wewe ndiye wa mbele.

"Kuna mtu anakata."

Nikasikiliza. Nitaandika nilichosikia, nanyi muamue. Nilisikia makasi. Ka. Halafu kimya kidogo, kama mtu anachagua pa kukata. Ka. Sauti ilitoka mwisho wa laini, kwenye ule uwazi usio na mzabibu. Inawezekana niliisikia kwa sababu yeye alikuwa ameniambia kwanza. Nimejiuliza hivyo mara nyingi.

Nekesa akaanza kusonga tena kwa magoti, haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akiacha vichala bila kukata. Nekesa haachi kichala. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikamwita, akaendelea. Alipofika karibu na uwazi akaweka makasi chini taratibu, akalaza shavu kwenye jivu kama mtu anayelaza kichwa kwenye mto, akatulia.

Niliinuka ili nimkimbilie, na nafikiri kuinuka ndiko kulikoniokoa, maana kichwa kilikuwa kinagonga. Nilipoinama kumshika, macho yaliingia giza. Nikasimama tena, nikavuta pumzi juu, nikainama, nikamshika kola ya ovaroli na kumburuta kuelekea mlimani. Wengine wakaona, wakaja. Tulimpeleka mpaka kwenye laini za katikati ambako kuna upepo. Uso wake ulikuwa mwekundu mwekundu, si wa mtu mgonjwa. Akatapika, akafungua macho, akanitazama kwa hasira.

"Wanjala," akasema, "umenitoa kabla sijamfikia."

Mvua ikaanza. Zabibu za Bakuli zilizobaki zilipasuka zote.

Shamba lilimwita Kiptoo, mtaalamu wa udongo, mtu wa Olenguruone, mpole, aliyezoea kuvua viatu anapoingia shambani ili ajue anakanyaga nini. Wengine walimsubiri kama mtu atakayekuja kutudharau. Hakufanya hivyo. Alimsikiliza Nekesa mpaka mwisho, hata habari ya makasi, kisha akaenda kwenye nyumba ya matangi akaomba mshumaa.

Mnajua ule mshumaa. Zabibu zikichachuka kwenye tangi hutoa hewa nzito isiyonuka, na kabla mtu hajaingia kuosha tangi tunashusha mshumaa kwa waya. Ukizimika, hakuna anayeingia. Kiptoo alisubiri alasiri ya wingu, akatupeleka ukingoni mwa Bakuli, akauwasha na kuufunga kwenye waya mrefu. Ulipokuwa kifuani uliwaka vizuri. Akaushusha. Tumboni uliwaka. Ulipofika kwenye goti, moto ulilegea, ukainama upande, na kuzimika. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Ulizimika kama umebanwa na vidole viwili.

Kiptoo akauwasha tena, akaushusha tena. Pale pale.

Alitueleza kwamba chini ya bonde hili lote bado kuna moto wa zamani. Watu wa upande wa juu hukinga mvuke kwa mabomba wapate maji ya kunywa, hivyo hakuna wa kushangaa. Kilima chetu nacho kinatoa hewa, ile ile ya tangini, na kwa kuwa ni nzito inakaa chini ya Bakuli kama maji. Siku nyingi ni kidogo. Lakini mvua ikikaribia, hewa ya juu hupunguza uzito wake juu ya ardhi, na ardhi inashusha pumzi. Yaani wakati ule ule tuliokuwa tunakimbilia chini kupiga magoti, ndio wakati kilima kinapumua.

Alisema pia kwamba mtu akiivuta hewa hiyo anaweza kusikia vitu. Na kuhusu ladha, alisema mzizi haunyonyi moshi wala jiwe. Ni joto, na jinsi maji yanavyotoka upesi kwenye jivu, na kule kukosa upepo. Nekesa alimwambia, "Daktari, yote uliyosema nakubali. Lakini na yule anayekata?" Kiptoo alifikiri, kisha akamjibu kwamba hilo hana kipimo chake. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Angeweza kucheka.

Ikabaki kuamua. Meneja wa wakati huo alituita sote chini ya banda la kreti. Akasema ukweli: mvinyo wa Bakuli ndio ulioleta jina la shamba, na mizabibu ikiinuliwa mpaka kifuani itakuwa mbali na joto, mvinyo ule hautarudi. Ikibaki chini, ipo siku mtu hataonekana kwa wakati. Hakutaka kuamua bila sisi. Akamwuliza Nekesa.

Nekesa alikataa. Alisema yeye ndiye aliyeilea, mmoja mmoja, tangu ikiwa vijiti, na kwamba mtu mzima anajua hatari ya kazi yake. Alisema yuko tayari kuivuna peke yake. Hakusema kwa fujo. Aliposema "peke yangu", niliona macho yake yanaenda upande wa Bakuli, na nikajua hakuwa anazungumza habari za zabibu tu.

Meneja akaniuliza mimi. Nilikuwa wa pili wa Nekesa na kila kitu nilichokijua alinipa yeye. Nikasema iinuliwe. Nikasema, "Mama akishuka peke yake atarudi mpaka pale mwisho. Na safari hiyo sitakuwa laini ya pembeni."

Nekesa hakunisemesha kwa muda mrefu. Lakini siku ya kuanza kazi, tulipofika Bakuli na makasi na misumeno, tulimkuta amesimama kwenye laini ya kwanza. Alisimama, hakupiga magoti. Aliinama kidogo tu, akakata tawi la chini la mzabibu wa kwanza, mshazari ukitazama mlima, akaniachia mzabibu wa pili. Alistaafu baada ya msimu huo na kurudi kwao Subukia kwa ng'ombe wake.

Ilituchukua misimu kadhaa kuilea upya. Mvinyo wa Bakuli wa sasa ni mzuri. Nasema mzuri kama mtu anavyosema mwalimu mzuri, bila kumkumbuka jina. Kwa hivyo meneja mpya si mjinga anapotaka ule wa zamani, na vile vipimo anavyosema kila mtu atavivaa shingoni, vinavyolia hewa ikiharibika, Kiptoo ameniambia kwa simu kwamba vinafanya kazi kuliko mshumaa. Mshumaa, alinionya, hata ukiwaka bado hewa inaweza kuwa mbaya. Hilo pia nimeliandika, maana nisipoliandika nitakuwa nimewapunja.

Ningeishia hapo. Ningewaambia tu: sikilizeni hoja zote, mimi nasema mizabibu msiishushe. Lakini wiki yangu ya mwisho kuna kitu kilitokea, na sipendi kuondoka nacho peke yangu.

Mizabibu ya Bakuli haijasahau. Kila msimu inatoa machipukizi chini kabisa ya shina, pale yalipokuwa matawi ya zamani, yanatafuta joto. Ni lazima yaondolewe, na sisi tunayaondoa tukiwa tumesimama, kwa makasi ya mpini mrefu. Kazi hiyo nilijiwekea mwenyewe iwe ya mwisho. Nilishuka asubuhi yenye jua na upepo mzuri, na kipimo shingoni, maana mimi si shujaa.

Machipukizi ya laini ya mwisho yalikuwa yameshakatwa. Laini nzima, mpaka kwenye uwazi. Yalikuwa yamelala chini bado mabichi, na vidonda vinatoa maji. Kila kidonda kilikatwa safi, karibu kabisa na shina, mahali ambapo mpini mrefu haufiki vizuri. Kufika hapo lazima upige magoti. Na kila mshazari ulitazama mlima. Juu ya jivu hapakuwa na alama ya goti wala kiatu. Usiku ulikuwa na umande mzito, labda ulifuta. Sijui kama umande hufuta.

Niliwauliza nyote, mnakumbuka, mkasema hapana, na wengine mkanicheka kwamba mzee anatafutwa na kazi. Nyinyi hamkufundishwa mkato ule. Tangu waya ulipopanda tunakata kama kwingine. Aliyebaki kuujua ni mimi. Na Nekesa.

Nikampigia simu. Nyuma ya sauti yake nilisikia maziwa yakipiga ndoo. Nikamwuliza, Mama, umekuja huku bila kuniambia? Akasema miguu yake haifiki hata dukani. Nikamweleza nilichokuta.

Maziwa yakaacha kupiga ndoo.

"Mikato imetazama wapi?"

"Mlimani."

Kisha akaniuliza kama niliwahi kujiuliza ni nani aliyemfundisha yeye mkato ule, wakati yeye ndiye wa kwanza kupogoa kilima hiki. Nikasema hapana, nilidhani ni utaalamu.

"Hakuna aliyenifundisha. Msimu wa kwanza nilishuka asubuhi moja nikakuta laini ya mwisho imekatwa hivyo. Nikadhani ni msimamizi. Msimamizi akadhani ni mimi, akanisifu. Nikaona mkato ni mzuri, nikauiga."

Nikamwambia ninawaandikia nyinyi, na kwamba kuna mpango wa kushusha mizabibu. Nikamwuliza niwaambieje, kwa sababu mimi mwenyewe sijui niamini nini na sitaki kuwatisha kwa kitu nisichokijua.

"Waambie wakate wakiwa wamesimama," akasema, na maziwa yakaanza tena kupiga ndoo. "Aliye huko chini anaijua kazi. Hahitaji msaidizi."